Msimulizi Asiyeaminika: Mahojiano ya Mpakani katika Riwaya ya By the Sea

Utangulizi

Katika desturi za Waswahili, mtu afikaye mlangoni pa mwenzake hupiga hodi, na mwenye nyumba huitikia "karibu" hata kabla ya kumwona anayebisha. Maswali ya jina, ukoo na haja ya safari huja baadaye, mgeni akiwa amekwisha kuketi na kupewa maji. Mpaka wa dola umeupindua utaratibu huo. Hapo maswali hutangulia, na karibu hufuata baadaye, nayo haifuati kila mara.

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi fasihi inavyolishughulikia tukio hilo la msafiri kuhojiwa na afisa wa uhamiaji. Mfano wetu mkuu ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, iliyochapishwa mwaka wa 2001. Huenda mwalimu mwenzangu akauliza riwaya ya Kiingereza inatafuta nini katika kurasa hizi. Jibu ni la sehemu mbili. Kwanza, Gurnah ni mzaliwa wa Unguja (1948) na Kiswahili ndicho lugha ya malezi yake. Tangu atunukiwe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021, na hasa tangu riwaya yake ya Paradise itafsiriwe na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022), wanafunzi wetu wamekuwa wakituuliza habari zake. Pili, tukio tunalolijadili ni tukio la Mswahili anayehojiwa kwa lugha ya wenyewe, naye anaamua ni lugha gani aizungumze na ni ipi aifiche. Hilo ni suala la Kiswahili hata likiandikwa kwa lugha gani.

Hoja yetu ni kwamba mpaka humchukulia kila msafiri kuwa msimulizi asiyeaminika kabla hajafungua kinywa, na kwamba Gurnah amelitwaa shaka hilo akalijengea riwaya nzima. Mzee anayedanganya mbele ya afisa ndiye huyo huyo anayemweleza msomaji ukweli. Msomaji asiyelitambua hilo atamwita mhusika "mwongo" na kuweka kalamu chini, ilhali kazi ya uhakiki ndiyo kwanza inaanza.

Muhtasari wa tukio

Saleh Omar ni mzee wa miaka sitini na mitano kutoka Zanzibar. Anafika katika kiwanja cha ndege cha Gatwick, Uingereza, akiwa na mkoba mdogo na pasipoti yenye jina lisilo lake: Rajab Shaaban. Katika mkoba huo mna kijikasha cha udi wa thamani, udi l-qamari, alichokihifadhi kwa miongo kadhaa. Afisa wa uhamiaji aitwaye Kevin Edelman anamhoji. Mzee hajibu. Anayatamka maneno mawili tu ya Kiingereza, la kusema kwamba yeye ni mkimbizi na la kusema kwamba anaomba hifadhi. Aliyemuuzia tiketi alikuwa amemshauri asioneshe kwamba anakijua Kiingereza. Afisa anaupekua mkoba, anakipata kijikasha, anakinusa, na hatimaye anakichukua.

Baadaye mzee anapelekwa katika mji mdogo ulio kando ya bahari. Rachel Howard, wa shirika linalowasaidia wakimbizi, anamtafutia mtaalamu wa lugha atakayemfasiria. Mtaalamu huyo, Latif Mahmud, ni mhadhiri jijini London. Kumbe Latif ni mwana wa Rajab Shaaban halisi, ambaye jina lake limo katika pasipoti ya mzee. Riwaya ina sehemu tatu: ya kwanza na ya tatu zinasimuliwa na Saleh Omar, na ya pili inasimuliwa na Latif.

Viza na visa

Lugha yetu imetutania katika suala hili. Neno "visa", ambalo wengi huliandika hivyo kwa kufuata tahajia ya kigeni, katika Kiswahili ni wingi wa "kisa", yaani masimulizi ya jambo lililotokea. Tukiliandika "viza", tunakutana na kitenzi kuviza, yaani kukizuia kitu kisikue. Ndipo tunapopata yai viza. Hii ni sadfa ya sauti tu, wala mtahiniwa asije akaiandika kuwa asili ya neno. Hata hivyo sadfa hii inatusaidia kuona jambo la kweli: anayeomba viza hutakiwa kutoa kisa.

Tuyatazame maswali yenyewe. Jina lako ni nani? Ulizaliwa wapi na lini? Unakwenda kwa nani? Utakaa siku ngapi? Nani atalipa gharama? Utarudi lini, na kwa sababu gani? Mwalimu wa fasihi atayatambua maswali haya mara moja. Yanauliza kuhusu wahusika, mandhari, wakati, kiini cha mgogoro na hatima. Msafiri anaagizwa atunge hadithi ya maisha yake kwa dakika chache, na kila sentensi ya hadithi hiyo iwe na karatasi yake: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hati ya shamba, cheti cha ndoa, tiketi ya kurudi. Aidha, mwisho wa hadithi umekwisha kuamuliwa na msikilizaji. Ni sharti imalizike kwa msafiri kurejea kwao.

Katika nadharia ya usimulizi, msimulizi asiyeaminika ni yule ambaye msomaji ana sababu za kuyatilia shaka maneno yake, ama kwa kuwa anaficha jambo, ama kwa kuwa hajui, ama kwa kuwa ana maslahi yake. Kwa kawaida msomaji hulifikia shaka hilo baada ya kuisoma kazi na kuuona mgongano wa maelezo. Mpakani shaka hutangulia. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka wa 1952, katika kifungu cha 214(b), inamchukulia takriban kila anayeomba viza ya muda, akiwemo mwanafunzi na mtalii, kuwa ana nia ya kuhamia huko, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba hana nia hiyo. Uingereza nayo humtaka mgeni amridhishe afisa kwamba ataondoka muda wake utakapokwisha. Tukilinganisha na sajili ya mahakama, ambayo wanafunzi wetu wanaijua vyema, tofauti inaonekana wazi. Mahakamani mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe kwamba anayo. Katika dirisha la ubalozi, mzigo wa kuthibitisha umo mabegani mwa mwombaji.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuuona uzito wa jambo hili kwa karibu. Mwanafunzi wangu wa zamani alipata nafasi katika chuo kimoja ng'ambo. Mahojiano yake katika ubalozi mmoja yalichukua dakika chache, na karatasi aliyokabidhiwa ilieleza kwamba hakuthibitisha kuwa angerejea nyumbani. Alikuja shuleni nimwandikie barua nyingine ya kumtambulisha. Kabla sijaanza kuandika akaniuliza, "Mwalimu, nitathibitishaje jambo ambalo bado halijatokea?" Sikuwa na jibu. Niliandika barua kama nilivyoombwa, nikaeleza tabia yake na alama zake, ambazo hakuna aliyekuwa amezitilia shaka.

Kimya cha Saleh Omar

Wahakiki wengi chipukizi hukifasiri kimya cha mhusika kuwa dalili ya unyonge. Katika riwaya hii fasiri hiyo haitoshi. Saleh Omar anakielewa Kiingereza vizuri, na msomaji anajua hivyo kwa kuwa masimulizi yako katika nafsi ya kwanza. Edelman hajui. Hapo ndipo kinaya cha kidrama kinapojengwa.

Kwa kuamini kwamba haeleweki, afisa anaanza kusema asiyoyasema mbele ya watu. Anamshangaa mzee wa umri ule kuacha kwao na kufunga safari kama hiyo. Anamweleza kuwa watu wa namna yake si wa mahali pale. Anafikia kumtajia wazazi wake mwenyewe, waliotoka Romania kama wakimbizi. Lakini wao, kwa maoni yake, walikuwa Wazungu na hivyo walikuwa na haki ya kupokelewa. Mtazame mwenye kuuliza sasa. Amegeuka kuwa msimulizi wa maisha yake, na anayehojiwa amekuwa msikilizaji na mpimaji. Kimya cha mzee kimewabadilishia viti.

Fauka ya hayo, kimya hicho kinazidhihirisha lugha mbili kwa namna ya pekee. Maneno mawili anayoyatamka yana visawe vyake katika Kiswahili: mkimbizi na hifadhi. Neno la Kiingereza la mkimbizi limetokana na mahali pa kujificha, yaani linamtaja mtu kwa kule anakokwenda. Letu limetokana na kukimbia. Linamtaja kwa lile alilolitoroka. Nalo neno hifadhi tunalitumia kwa mtu aliyepewa usalama na pia kwa kitu kilichotunzwa kisiharibike. Saleh Omar anaomba hifadhi, na katika mkoba wake kuna kitu alichokihifadhi muda mrefu. Anapewa ya kwanza na kunyang'anywa ya pili. Mwalimu anaweza kulitumia tukio hili kufundisha jinsi maana ya msingi ya neno inavyoweza kumfungulia msomaji mlango wa maudhui.

Tukumbuke pia kwamba kimya hicho hakidumu. Rachel anapomwarifu kwamba amempata mtu wa kumfasiria, mzee anamjibu kwa Kiingereza safi, na Rachel anakereka kwa kuona kwamba alichezewa. Mzee alikuwa ameuficha ulimi wake kwa hiari, na kwa hiari yake ameutoa.

Jina la uongo, maisha ya kweli

Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu tukio la Gatwick na kuwauliza waitaje sifa ya mzee, mikono mingi ilipaa: ni mwongo, ni mlaghai. Walikuwa na ushahidi. Pasipoti si yake. Mmoja aliuliza kama mtu anayekimbia ataomba hati halali kutoka kwa nani, ikiwa anayemkimbia ndiye mwenye muhuri. Darasa lilitulia kidogo. Swali hilo ndilo ambalo Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu hali ya wakimbizi ulilijibu katika kifungu cha 31: mkimbizi anayetoka moja kwa moja mahali pa hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila idhini, mradi ajitokeze bila kukawia mbele ya wenye mamlaka na kutoa sababu ya kuridhisha. Yaani sheria yenyewe inakiri kwamba karatasi yenye kasoro inaweza kubebwa na mtu mwenye haja ya kweli.

Gurnah hakuishia hapo. Jina aliloliiba mzee si jina lolote tu. Rajab Shaaban alikuwa jamaa na hasimu wake, na ugomvi wao ulikuwa juu ya nyumba. Saleh Omar aliipata nyumba hiyo kwa hati za deni, akalipa gharama kubwa baadaye: alifungwa miaka mingi bila haki, na alipotoka alikuta mke wake na binti yake wamekwisha kufa. Cheti cha kuzaliwa cha Rajab Shaaban ndicho kilichomwezesha kupata pasipoti. Hivyo amevuka bahari akiwa amelivaa jina la mtu aliyekuwa adui yake. Mitambo yote ya mpakani haikulitambua jina hilo kuwa la mwingine. Aliyelitambua ni mtoto wa mwenye jina.

Hapa tunaona muundo wa riwaya. Kuna mahojiano mawili. Ya kwanza ni ya Edelman, yanayohusu karatasi na yanayomalizika siku moja. Ya pili ni ya Latif, yanayofanyika katika makazi ya mzee kando ya bahari na yanayochukua muda mrefu. Latif naye anakuja na shaka, tena shaka zito kuliko la afisa: huyu ndiye aliyetunyang'anya nyumba, sasa amechukua na jina la baba yangu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Latif pia anasimulia. Anatoa habari za baba aliyevunjika moyo, za mama, za kaka yake Hassan aliyeondoka, za Ujerumani Mashariki alikopelekwa kwa masomo, na jinsi yeye mwenyewe alivyofika Uingereza kama mkimbizi na kubadili jina. Sehemu nzima ya pili ni yake. Kumbukumbu zao hazilingani kila mahali. Mmoja anamsahihisha mwingine, na wakati mwingine msomaji hajui amwamini nani. Hata hivyo mwishoni wanaaminiana kuliko walivyoanza.

Huu ndio moyo wa riwaya kwa maoni yangu. Msimulizi asiyeaminika haaminiwi kwa kuongeza karatasi. Anaaminiwa pale msikilizaji anapokubali naye kusimulia, hadithi mbili zikapimana. Mpakani upande mmoja peke yake ndio unaotoa kisa. Edelman alitoa chake bila kujua kwamba anasikika, kwa hiyo hakikumfunga kwa lolote.

Kijikasha cha udi

Udi hauhitaji maelezo kwa msomaji wa pwani. Hufukizwa harusini, hufukizwa nyumba inapopokea wageni, na harufu yake hukaa katika nguo siku kadhaa. Katika riwaya kijikasha ni ishara yenye tabaka zaidi ya moja.

Kwanza, ni ishara ya historia ya Bahari ya Hindi. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa fanicha, na udi huo aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara aliyefika Zanzibar kwa msimu kutoka Bahrain. Majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na miji ya pwani iliishi kwa ujio huo. Udi uliokuwa umesafiri kutoka mashariki ya mbali, ukapitia mikono ya wafanyabiashara wengi, ulikuja kukomea mezani pa afisa mmoja huko Gatwick.

Pili, ni ishara ya kile ambacho fomu haiulizi. Hakuna nafasi katika fomu ya kuandika harufu ya nyumba ya mtu. Afisa hana swali la kukihusu kijikasha ila kutaka kujua ni nini na kina thamani gani. Anapokichukua, anachukua sehemu ya kisa ambayo mzee hangeweza kuithibitisha kwa hati.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba Gurnah anaisifia dunia ya zamani isiyokuwa na viza. Huyo huyo Hussein aliyekaribishwa kama mgeni wa heshima ndiye aliyeiangamiza nyumba ya Rajab Shaaban. Alimkopesha fedha kwa rehani ya nyumba, akamwandama mwanawe Hassan, na deni hilo ndilo lililomfikia Saleh Omar na kuzaa uhasama wote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba hii mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Kwa hiyo mwandishi anakubali kwamba shaka dhidi ya mgeni si upumbavu mtupu. Anachokihoji ni shaka linaloelekezwa mahali pasipostahili: mlango ulifunguliwa kwa Hussein mwenye mali, ukabanwa kwa mzee mwenye mkoba mdogo.

Mwangwi katika fasihi ya Kiswahili

Mtahiniwa atauona mwangwi wa suala hili karibu naye. Katika hadithi fupi ya "Mkubwa" iliyoandikwa na Ali Mwalimu Rashid, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliotahiniwa kabla ya Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, mhusika mkuu anautamani uongozi kwa sababu unampa mtu pasipoti ya kidiplomasia, hati inayompitisha bila kupekuliwa. Naye ana dawa za kulevya za kuvusha. Tuwaweke wahusika hawa wawili katika foleni moja. Mkubwa ana jina lake halisi na hati halali, na mzigo wake ni sumu ya vijana. Saleh Omar ana jina la kuazima na hati ya udanganyifu, na mzigo wake ni udi. Anayeaminiwa ni wa kwanza. Waandishi hawa wawili, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza, wanakubaliana kwamba muhuri hauthibitishi zaidi ya kuwa mtu amepata muhuri.

Adam Shafi naye, katika tawasifu yake Mbali na Nyumbani (2013), anasimulia safari ya ujana wake kutoka Unguja, kupitia bara na Sudan, kuelekea Misri. Msomaji akiilinganisha safari hiyo na ya Saleh Omar ataona tofauti ya umri na ya hisia. Kijana anasafiri akiyatazamia ya mbele, na kila mpaka kwake ni kizuizi cha kushindwa au kuhadaiwa. Mzee anasafiri akiyaangalia ya nyuma, na mpaka mmoja tu unatosha kumrudisha katika maisha yake yote. Ndiyo maana mbinu rejeshi imetawala riwaya ya Gurnah.

Kasoro za riwaya

Uhakiki usiwe sifa tupu. Baadhi ya wasomaji wataona kwamba riwaya imeegemea sadfa kupita kiasi. Kati ya wataalamu wote wa Kiswahili walioko Uingereza, anayeitwa ni mwana wa yule ambaye jina lake limeibwa. Inaweza kujibiwa kwamba jumuiya ya Wazanzibari ughaibuni ni ndogo, na kwamba kisiwani watu huingiliana kwa ndoa, deni na majirani. Jibu hilo lina uzito, ingawa haliondoi kabisa hisia kwamba mkono wa mtunzi umeonekana.

Kasoro ya pili inatuhusu zaidi sisi. Mzungumzaji wa Kiswahili ndiye kiini cha kisa, lakini Kiswahili chenyewe kinasikika kwa nadra katika kurasa. Mkalimani anatafutwa, kisha haja ya mkalimani inaondoka kwa kuwa mzee anakijua Kiingereza. Msomaji wa pwani atatamani kusikia mazungumzo ya Saleh Omar na Latif jinsi ambavyo yangekuwa: heshima ya kijana kwa mzee, kejeli iliyofichwa ndani ya adabu, methali zinazorushwa kwa mafumbo. Hiyo ni kazi inayomngoja mfasiri.

Hitimisho

Tumeonesha kwamba mahojiano ya mpakani katika By the Sea si mandhari ya kupitia tu. Ndiyo yanayoipa riwaya muundo wake wa mahojiano mawili, kimya chake, kinaya chake na ishara yake kuu. Tumeonesha pia kwamba uongo wa jina na ukweli wa maisha vinaweza kukaa ndani ya mhusika mmoja, na kwamba sifa za wahusika hazifai kutolewa kwa neno moja.

Mwalimu ana sababu nyingine ya kulifundisha suala hili. Tunapowasajili watahiniwa kwa mtihani wa KCSE, huwa tunawasisitizia majina yao yafanane na yaliyomo katika cheti cha kuzaliwa, na tunasema hivyo kana kwamba ni jambo la karani. Kumbe herufi moja iliyozidi au jina la babu lililoachwa laweza kuulizwa miaka kumi baadaye na mtu asiyemjua babu huyo. Wengi wa wanafunzi wetu watasimama mbele ya dirisha siku moja. Ni vyema wajue kwamba watakuwa wakisimulia, kwamba msikilizaji ameanza na shaka, na kwamba shaka hilo si kipimo cha utu wao.

Mwanafunzi aliyeniuliza atathibitishaje jambo ambalo halijatokea anafundisha sasa katika shule ya msingi karibu na kwao. Hakuondoka. Ametoa uthibitisho uliotakiwa, lakini hakuna wa kumpelekea.

Maswali ya kudurusu

1. "Kimya ni usemi." Tetea kauli hii kwa kurejelea mhusika Saleh Omar.

2. Fafanua aina mbili za kinaya zinazojitokeza katika mahojiano kati ya Saleh Omar na Kevin Edelman.

3. Linganisha na utofautishe matumizi ya pasipoti kama ishara katika By the Sea na katika hadithi ya "Mkubwa".

4. Eleza sifa tano za sajili ya uhamiaji, kisha utunge mazungumzo kati ya afisa wa uhamiaji na msafiri mzee katika kituo cha mpakani cha Namanga au Busia.

5. Hussein na Saleh Omar wote ni wageni. Jadili jinsi mwandishi anavyowatumia kuonesha pande mbili za ukarimu.